Wazee Wetu Katika Vitabu vya Misioni

Maneno ya katekista mbele ya Wakristu, jioni ya kuamkia Misa ya Yubile



Komite ya Yubile imetuagiza tuseme juu ya wazee waliotutangulia katika imani. Tulifikiri kazi ni nyepesi: kufungua vitabu vya ubatizo, kuandika majina, kuwasomea. Kumbe sivyo. Mwenye kumtafuta mzee wake katika vitabu vya zamani ni kama mvuvi wa ndagala: bila taa, anaona giza la maji tu. Basi kwanza tuwape taa chache. Kisha tutawasimulia tuliyoyapata sisi wenyewe, katika jamaa yetu.

Taa ya kwanza ni jina. Mapadri Weupe walipokea kituo cha Mpala mwaka 1885, na mwaka 1893 wakaanza misioni ya Kirungu, iliyoitwa Baudouinville. Wengi wa wale wa kwanza walikuwa Wafaransa na Wabelgiji. Walimwuliza mtu jina lake, wakaandika namna sikio lao lilivyosikia. Penye "u" yetu waliweza kuandika herufi mbili, "ou". Na "l" ikageuka "r". Msitafute jina kwa macho tu. Lisomeni kwa sauti, nanyi mtamsikia mzee wenu akiitika.

Taa ya pili ni tarehe. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliamuru mtu mzima afundishwe miaka minne kabla ya kubatizwa. Basi mkimwona mzee wenu amebatizwa mwaka 1899, msiseme ndipo alipofika misioni. Bila shaka alikuwa amekaa hapo miaka kadhaa, na medali shingoni, akijifunza sala. Lakini waliobatizwa katika hatari ya kufa hawakungojea.

Taa ya tatu ni mama. Kwa Watabwa, ukoo hufuata upande wa mama. Padri aliandika baba kwanza, kwa desturi ya kwao, na vijana wetu husoma baba tu, kisha hushangaa kwa kuwa njia imekatika. Tena, kwetu ndugu ya baba naye ni baba. Aliyeandikwa kuwa baba pengine ni yule aliyemleta mtoto kanisani. Jina la mama ndilo mzizi, msilipite.

Taa ya nne ni pembeni mwa ukurasa. Tangu mwaka 1908 Eklezya inaagiza ndoa iandikwe pia kando ya jina la ubatizo. Hivi mstari mmoja waweza kuwaonyesha mtoto alipobatizwa, na baadaye mke aliyemwoa, na parokia ya ndoa yao.

Nanyi mliozaliwa siku za Zaire, kumbukeni kwamba mwaka 1972 serikali ilikataza majina ya Kikristu. Mtu mmoja akawa na jina moja katika karatasi za serikali, na jina lingine katika kitabu cha paroko. Wengine wenu mmewatafuta baba zenu kwa jina ambalo padri hakuliandika kamwe.

Ndugu wapenzi, sasa tuseme habari yetu wenyewe.

Katika jamaa yetu tuliambiwa tangu utoto kwamba baba wa babu yetu alikuwa mtoto wa mfalme, kwamba alikuja misioni kwa miguu yake, na watu wake nyuma yake. Habari hiyo tuliipenda. Tuliisema kwenye matanga na kwenye posa za binti zetu.

Kwa ajili ya Yubile hii tulimtafuta katika kitabu cha misioni ya zamani, kule kando ya ziwa. Siku mbili hatukumwona. Siku ya tatu tulikuta jina lake, limeandikwa vibaya. Lakini pembeni palikuwa jina la mke wake, mama wa babu yetu, wala hapakubaki shaka. Kilatini kile kidogo tulichofundishwa seminari ndogo kilitutosha kusoma mstari. Ulisema hivi: mtoto wa kiume, wa miaka karibu minane, amekombolewa. Penye wazazi palikuwa na maneno mawili: *parentes ignoti*. Maana yake, wazazi hawajulikani.

Mnajua ninyi wazee maana ya neno "amekombolewa". Siku zile wafanya biashara ya watumwa walichoma vijiji vya huku na kuwafunga watu kamba. Kapiteni Joubert alifika Mpala mwaka 1887, akapigana nao miaka mingi. Nao Mapadri waliwanunua watoto mikononi mwa wauzaji, wakawalea. Baba wa babu yetu hakuja na watu nyuma yake. Alinunuliwa.

Tulifunga kitabu, tukakaa kimya. Tuliporudi, tulimpelekea habari baba mkubwa, mkubwa wa jamaa yetu. Akasema: "Mwanangu, karatasi hiyo uifiche. Hujui kwamba hata leo, watu wakigombania shamba, neno la kwanza ni hili: ninyi ni watoto wa mtumwa, hamna udongo hapa?" Hatukuwa na jibu, kwa sababu alisema kweli. Neno hilo tumelisikia kwa masikio yetu, tena kutoka vinywa vya watu wanaokomunika pamoja nasi.

Majuma mawili tulinyamaza. Tukakumbuka kitabu cha Ezra, kinachotaja watu waliorudi kutoka uhamisho wakatafuta majina ya ukoo wao wasiyaone, wakatengwa na kazi ya ukuhani. Tukakumbuka tena Matayo, anapohesabu wazee wa Yezu. Hakumficha Rahabu, wala Ruta mgeni, wala mke wa Uria. Tulimrudia baba mkubwa tukamsomea. Akasikiliza hata mwisho, akauliza: "Na Yosefu, ndugu zake hawakumwuza?" Tukajibu: "Walimwuza, baba." Akanyamaza tena kitambo, akasema: "Basi soma. Lakini soma mimi nikiwa pale, wasije wakanicheka kisogoni."

Yupo hapa jioni hii, kwenye benchi la kwanza. Tunamshukuru mbele yenu wote.

Wazazi wa mtoto yule hatutawajua hapa duniani. Tumepita vitabu vyote tulivyoweza, na njia imeishia pale. Mama mmoja alimlilia mwanawe, na jina lake halikuandikwa. Katika Misa ya kesho, padri atakapowakumbuka marehemu, jamaa yetu itamtaja yeye: mama asiyejulikana. Nanyi mlio na maneno kama haya katika ukoo wenu, mtajeni wa kwenu pamoja nasi. Na yule neno "mtumwa" linalompanda mdomoni anapogombania shamba, aje kwanza asome kitabu. Pengine atamkuta babu yake kwenye ukurasa ule ule.

Tunamaliza kwa ombi. Machafuko ya mwaka 1964 na vita vya 1996 na 1998 viliharibu misioni nyingi za mashariki. Mchwa nao hawapumziki. Vitabu vilivyobaki tuvinakili mapema. Na kila jamaa iwaulize wazee wake kabla ya mazishi, si baada yake: majina ya akina mama, kijiji walikotoka, mzazi wa ubatizo alikuwa nani. Yaandikeni yote, hata yale yanayouma.

Mungu awape pumziko wazee wetu, wanaojulikana na wasiojulikana.