Matete na Ukingo wa Mto

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya mmea ambao kila mtu akaaye karibu na mto aujua, na kwa kuwa aujua sana, hautazami. Mmea huo ni tete.

Tete ni katika jamaa ya nyasi. Ndugu zake ni muhindi, mpunga, muwa na mwanzi. Ukitaka ushahidi, tazama bua lake. Lina mafundo, na kati ya fundo na fundo ni tupu kama mwanzi. Jani lake nalo laanza kwa ala ikumbatiayo bua, vile vile kama jani la muhindi. Katika aina zilizoko Afrika ya Mashariki nitataja mbili. Moja ina majani yenye ncha ngumu ichomayo kiganja; hiyo ndiyo tuionayo sana kando ya mito kama Kilombero na Rufiji, na wataalamu huiita Phragmites mauritianus. Ya pili ina ncha laini ipindikayo. Hiyo ni Phragmites australis, nayo huota katika kila bara la dunia isipokuwa lile la barafu lililo kusini kabisa. Neno Phragmites asili yake ni neno la Kiyunani lenye maana ya ua uzungukao mahali. Mtaona baadaye kwamba jina hilo ni la haki.

Matumizi ya matete hamhitaji kufundishwa. Twajengea kuta na nyua, twatandika dari, twafanya uzio wa kuvulia samaki, na watoto hukata filimbi. Hata neno letu kalamu, tulilolipata kwa Waarabu, asili yake ni tete, kwa kuwa zamani tete lililochongwa ndilo lililoandikia.

Lakini hayo yote ni habari za tete lililo juu ya maji. Chini, ndani ya tope, limelala shina jingine, nene, lenye mafundo, mfano wa tangawizi. Katika kila fundo mizizi hushuka na bua jipya hupanda. Kwa hiyo kichaka kizima unachodhani ni matete elfu huenda kikawa mmea mmoja tu. Muhindi huishi msimu mmoja ukafa. Tete huishi miaka mingi. Mabua yake yakikauka, yakikatwa, hata yakiungua, shina la chini huchipua tena.

Je, shina hilo lapataje hewa ndani ya tope? Mabua mabichi huingiza hewa, nayo hushuka mpaka chini, kisha hutokea kwa mabua makuukuu yaliyokauka na kuvunjika. Basi mtu akikata mabua yote chini ya maji, maji huingia katika matundu, na shina huzibwa pumzi.

Mizizi hiyo hushika udongo wa ukingo. Mabua nayo hupunguza mwendo wa maji, tope likatua, vifaranga vya samaki wakapata maficho, na ndege wakajenga viota vyao juu.

Sasa nitawaambia jambo nililoliona kwa macho yangu. Nilipokuwa kijana mdogo, baba yangu mdogo alikuwa na shamba la mahindi karibu na mto. Kati ya shamba na maji palikuwa na matete, na chini yake udongo mweusi mzuri. Akasema, “Udongo huu walala bure.” Tukayakata matete, tukayachimbua mashina, tukayaanika juani hata yakafa. Mimi mwenyewe nilishika jembe. Mwaka ule tulivuna kuliko majirani wote, na watu wakamsifu. Ada yangu ya shule ilitoka katika mahindi yale.

Masika ya pili mto ulijaa. Hakukuwa na gharika ya ajabu, bali maji ya kila mwaka. Usiku tulisikia ukingo ukianguka, pande baada ya pande. Asubuhi udongo mweusi haukuwapo, na sehemu ya shamba la zamani ilikwenda pamoja nao. Jirani yetu, bibi mmoja mzee, alikuwa akikata matete yake kila kiangazi kwa kujengea, wala hakuchimbua hata shina moja. Ukingo wake ulisimama. Baba mdogo hakuwa mvivu wala mjinga. Aliona bua, hakuona shina. Nami siwezi kumlaumu, kwa maana kosa lile ndilo lililonisomesha.

Sisemi kwamba matete yatazuia kila gharika. Wala sikatai kwamba yakiachwa katika mifereji ya mashamba huiziba. Nasema haya tu: kateni, msichimbue. Kateni wakati wa kiangazi, mabua yakiisha kukomaa. Kateni juu ya maji. Na acheni ukanda mzima usioguswa upande wa mto. Nanyi wa Tanzania mkumbuke kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza, ndani ya mita 60 toka ukingo wa mto, kazi za kudumu na kazi ziwezazo kuuharibu ukingo. Wako wauonao upana huo kuwa mkubwa mno. Mimi niliyeusikia ukingo ukianguka usiku sioni hivyo.

Wanafunzi, kesho nendeni mtoni pamoja na mwalimu wenu. Gusheni ncha ya jani mjue aina yake. Pasueni bua moja mtazame matundu ya hewa. Kisha fukueni shina moja tu kwa mikono, mlifuate mpaka mchoke, na mlifukie tena. Hapo mtajua kwa nini wataalamu waliliita ua: ndilo ua ambao mto umejengewa bila fundi, na gharama yake ni kuuacha usimame.

Kwaherini.