Majina ya Mitaa ya Kariakoo: Mahali, Matamshi na Kumbukumbu



Mkazi wa Dar es Salaam akisema "naenda Msimbazi", msikilizaji hulazimika kumwelewa kwa muktadha. Huenda anakusudia mto utokao katika vilima vya Pugu na kumwaga maji yake baharini karibu na Daraja la Salenda. Huenda anakusudia mtaa uliopewa jina la mto huo, ukatao Kariakoo kutoka upande wa Gerezani hadi Fire. Au anakwenda kwenye makao makuu ya klabu ya Simba, hao Wekundu wa Msimbazi. Jina la maji limekuwa jina la njia, na jina la njia limekuwa jina la watu.

Mhadhara huu unahusu majina yaliyohama kwa namna hiyo. Msimbazi wenyewe nitauacha, niingie mitaa iliyo jirani nao, kwani humo mna jambo ambalo sisi wanaisimu tumelipita kwa miguu kila siku bila kulisoma.

Asili ya jina Kariakoo inafahamika. Waingereza waliuteka mji tarehe 4 Septemba 1916, na jengo la soko walilolikuta, lililojengwa na Wajerumani, likawa kambi ya Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi. Kinywa cha Mswahili kiliyapokea maneno hayo mawili kama kilivyoyasikia: Mwingereza hakuitamka "r" ya mwisho, bali aliivuta irabu, nasi tukapata "koo", mkazo ukakaa mahali pake. Nairobi inalo jina hilohilo, ila huko limeandikwa Kariokor, kwa jicho zaidi kuliko kwa sikio.

Sasa tutazame mitaa. Kando ya soko upo mtaa wa Tandamuti. Hatua chache tu kutoka hapo ipo Narung'ombe na Mahiwa. Nimewauliza wanafunzi wangu mara nyingi majina haya yana maana gani, na jibu la kawaida ni kwamba ni "majina ya zamani". Narung'ombe ni mahali katika wilaya ya leo ya Ruangwa, na palipiganwa tarehe 19 Julai 1917. Tandamuti ni kilima kilicho magharibi ya mji wa Lindi, na kilipiganiwa tarehe 3 Agosti mwaka huohuo. Mahiwa, jirani na Nyangao, ndipo majeshi ya Waingereza na yale ya von Lettow-Vorbeck yalipoumizana kwa siku nne, kuanzia tarehe 15 Oktoba 1917. Ni mahali patatu, katika mkoa mmoja wa leo, katika muda wa miezi mitatu. Siwezi kuamini kuwa ni sadfa. Hoja yangu ni kwamba mitaa hii iliitwa kwa mapigano hayo, ikazungushwa kwenye soko lenye jina la watu waliobeba risasi na unga kuyaendea. Vifo vya wapagazi wa upande wa Waingereza hukadiriwa kukaribia 100,000, wengi wao wakiuawa na maradhi na njaa, si risasi.

Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mjini mwaka 1927 inamwonyesha mtu mmoja mwenye bunduki. Nairobi, mwaka uliofuata, ilimchonga na mpagazi. Dar es Salaam mpagazi hakuchongwa. Alichopata ni soko na mitaa.

Baada ya Uhuru majina mengi yalibadilishwa. Kichwele ikawa Uhuru. New Street, penye ofisi ya TANU, ikawa Lumumba. Mbona Tandamuti, Narung'ombe na Mahiwa zilisalimika? Naona ni kwa sababu zilisikika kuwa za Kiafrika, nazo kwa hakika ni za Kiafrika, hata kama aliyezichagua aliwaza ushindi wa mfalme wake. Mtu aweza kunipinga kwa kuutaja mtaa wa Livingstone, ambao haukuguswa ijapokuwa kila mtu anajua Livingstone alikuwa nani. Pingamizi hilo nalikubali. Halmashauri za miji hazifuati kanuni za wanaisimu.

Narung'ombe inastahili neno la ziada. Mtu wa Dar es Salaam husikia "ng'ombe" ndani yake, na nimekwisha kusimuliwa habari za zizi lililokuwa hapo. Lakini kiambishi "Na-" kimeenea mno katika majina ya mahali ya kusini: Nachingwea, Nanyumbu, Nanganga, Nangurukuru. Jina hili ni la ukoo huo, na mzizi wake utafutwe kwanza katika lugha za huko, si katika zizi la Kariakoo. Likiandikwa bila ritifaa, "Narungombe", hata sauti yake hubadilika, na msomaji mgeni hulitamka jina ambalo halijapata kuwapo.

Jambo hili si la kupamba mhadhara. Mwaka 2022 nchi yetu iliendesha operesheni ya anwani za makazi, na majina ya mitaa yakaingizwa katika mfumo wa kompyuta. Jina likikosewa humo, kosa hunakiliwa katika barua, leseni na ramani, na wajukuu wetu watalipokea kuwa ndiyo sahihi. Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wa idara hii waanze kazi na kalamu na daftari: wasome vibao vya Kariakoo mtaa kwa mtaa, kisha wasafiri hadi Ruangwa na Nyangao, wawasikilize wazee wa huko wakiyatamka majina yao wenyewe.