AKINA MAMA WA MAKAMO, TUVUNJE KIMYA
Hotuba kwa wananchi wa Ruponda, Wilaya ya Nachingwea



Tulipokuwa wasichana tulichezwa unyago, tukafundishwa mambo ya hedhi inapoanza. Lakini hedhi inapokaribia kukoma, wengi wetu hatukupata somo wa kutuita tena. Kila mama ameachwa na moyo wake.

Mara nyingi hedhi hukoma baina ya miaka 45 na 55. Kabla ya hapo hupita miaka kadhaa ya mabadiliko: siku hupotea na kurudi, joto hupanda ghafla usoni na kifuani, usiku jasho hutoka na usingizi hukimbia, na hasira huwa karibu. Huku si kurogwa, wala si kumkaidi mume. Ni homoni za mwili zinazopungua. Akina baba, mama aliyekesha hastahili kugombezwa asubuhi. Anastahili kupokewa jembe na ndoo ya maji.

Tena tujihadhari. Katika miaka hii mimba bado yaweza kuingia. Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma ikikosekana miezi 12 mfululizo. Damu ikirudi baada ya hapo, hata tone, tusiseme ujana umerudi. Twende hospitali, maana yaweza kuwa dalili ya saratani. Hata damu nyingi yenye mabonge, inayotumalizia nguvu, haifai kufichwa. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayowashika wanawake wengi zaidi katika Tanzania, nayo ikigunduliwa mapema hutibika. Basi tukapimwe kabla ya kuumwa.

Nyumbani, tule dagaa pamoja na mifupa yake, maziwa na mboga za majani, kwa kuwa mifupa hudhoofika wakati huu. Tumbaku tuiache.

Ndugu zangu, katika mashamba ya karanga ya Waingereza yaliyoanzishwa mwaka 1947, trekta lilipoharibika fundi aliitwa. Je, mama aliyelima miaka thelathini asitazamwe?

Tulipopata uhuru mwaka 1961, maadui waliotajwa walikuwa watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Katika jambo hili ujinga na maradhi hutembea pamoja, na aibu ndiyo inayowafungulia mlango. Tuufunge. Aliyesikia leo amwambie jirani yake kesho kisimani.