Sahani ya Mama Ntilie

Tunapoketi kwenye benchi la mama ntilie hapa Mchikichini, tukingoja ugali na maharage, twapata kitulizo kisicho cha tumbo pekee: kuli na karani hula bega kwa bega. Si jambo dogo katika mji huu. Wakoloni waliugawa kwa kanda tatu, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na wakati wa Vita Kuu ya Pili hata mgao wa chakula ulifuata rangi ya mtu. Rangi ilipoondoka mizanini, tabaka likaingia. Wazee wanaukumbuka unga wa yanga, wa mahindi ya manjano ya Marekani, tulioula shingo upande. Na dona, ambayo leo madaktari huisifu, tuliiita chakula cha wafungwa.

Lakini anayetutuliza hana utulivu. Hukopa unga na mkaa alfajiri, kisha hupika huku jicho liko barabarani, mgambo wasije wakamkuta. Sufuria ikimwagwa, mtaji umekwenda, na madaftari ya mtoto pamoja nao.

Twaomba kila jumuiya ndogo ndogo iwaulize akina mama hao kabla ya mwezi kwisha: nani huwafukuza, kwa amri ipi, na je, faini walizotozwa zilikatiwa risiti?