Ukitaka Kusoma Maendeleo, Anzia Hapa Kagongwa

Haya ndiyo niliyozungumza na vijana wetu waliomaliza kidato cha sita, hapa Kagongwa. Baadhi yenu mliniomba niyaandike, basi nimeyaweka karibu kama nilivyoyasema.

Makamanda mliofika, na ninyi ambao hamna kadi ya chama ila mmekuja kusikiliza habari za chuo, wote karibuni. Nimeombwa niseme jambo moja tu: kijana wa hapa akitaka kusoma shahada ya masomo ya maendeleo, ajipange vipi? Shahada hiyo nimeisoma, na nilijipanga vibaya. Kwa hiyo nitasema pamoja na makosa yangu, msiyarudie.

Kosa la kwanza lilikuwa sababu. Mimi niliichagua kozi hii kwa ajili ya Land Cruiser nyeupe. Mnazijua zile, zimeandikwa jina la mradi mlangoni, zinapita hapa zikienda vijijini. Nikasema na mimi nitakaa kiti cha mbele, nalipwa kwa dola. Jamani, hesabu hiyo imeharibika. Januari 2025 Rais Trump alisimamisha misaada ya Marekani kwa nchi za nje, na kufika Julai mosi USAID ikawa imefungwa. Watu wenye shahada na uzoefu walirudi nyumbani na maboksi yao. Anayeingia chuoni leo akitegemea mradi wa mfadhili tu, anapanda mpunga kwenye mchanga.

Sasa mtaniuliza, kwa nini tuisome? Nitawajibu kwa kuwaonyesha mahali tulipo. Hapa nje zipo mashine za kukoboa. Mchele wetu unapakiwa, mwingine unavuka mpaka. Barabara hii ina malori yanayotoka Isaka, kwenye bandari kavu, yakielekea Rwanda na Burundi. Ukienda upande wa Kahama unafika Buzwagi. Mgodi ule ulianza uzalishaji 2009, na 2021 ukafungwa. Dhahabu imeondoka, shimo limebaki, na vijana waliokuwa na ajira pale wengine ndio hao mnawaona kwenye bodaboda. Biashara ya kimataifa, mtaji wa kigeni, kodi, mazingira, ajira: vyote viko ndani ya mwendo wa nusu saa kutoka tulipokaa. Mtoto wa Kagongwa haendi kufundishwa kwamba mambo haya yapo. Anaenda kutafuta majibu ya maswali ambayo tayari anayo.

Na ni elimu yenye heshima katika nchi hii. Walter Rodney alikuwa mwalimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipotoa, 1972, kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoirudisha Afrika nyuma. Mwaka uliofuata chuo hicho kikaanzisha Taasisi ya Taaluma za Maendeleo. Walikuwa wanauliza swali ambalo bibi zetu wanaliuliza mpaka leo: mali iko hapa, mbona sisi ni maskini?

Haya, tuje kwenye mipango.

Kwanza, vigezo. Kwa kawaida unahitaji principal mbili zenye jumla ya pointi 4.0, yaani hata D mbili zinafika, lakini kila kozi ina masharti yake. Soma mwongozo wa TCU wewe mwenyewe, usisomewe na mtu wa stationery. Ukiwa na diploma, GPA kuanzia 3.0 inakufungulia mlango. Kama matokeo hayakukaa vizuri, diploma si aibu. Chuo cha Mipango cha Dodoma kina kampasi Mwanza, na Chuo Kikuu Huria kina kituo mkoani kwetu.

Pili, jina la kozi. Hapa wengi wanaumia. Kuna masomo ya maendeleo, kuna maendeleo ya jamii, kuna mipango ya maendeleo, kuna uhusiano wa kimataifa. Kwa maneno yanafanana, kwenye ajira hayafanani. Serikali ina kada ya Afisa Maendeleo ya Jamii na kada ya Afisa Mipango, na tangazo la kazi linataja majina ya shahada zinazokubalika. Kwa hiyo kabla hujajaza fomu, ingia Ajira Portal, tafuta matangazo yaliyopita ya kazi unayoitaka, uone kozi yako imetajwa au haikutajwa. Dakika ishirini tu za bando. Mimi sikufanya hivyo. Niliona neno "kimataifa" nikalewa.

Tatu, pesa. Hili naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu lilimuumiza mama yangu.

Kwenye cheti cha kuzaliwa niliandikwa jina la babu, na kwenye cheti cha kidato cha nne jina la baba. Nikadhani ni jambo dogo. Mwaka wa kwanza sikupata mkopo. Mama alikuwa na magunia kumi na moja ya mpunga stoo. Kila mwaka huwa anavuna, anaweka, anasubiri mpaka Januari bei ipande. Mwaka huo ada ilitakiwa Novemba. Akauza yote, kwa bei ya wakati ule. Hakunilaumu hata kidogo. Januari ilipofika bei ikapanda, akawa anapita mbele ya mashine anawaona wenzake wanauza. Chuoni nilikuja kufundishwa kwamba mkulima maskini huuza mapema kwa sababu ya dharura. Nilikaa darasani kimya. Dharura nilikuwa mimi.

Kwa hiyo nyaraka zianze leo, msisubiri dirisha la mkopo lifunguliwe. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA. Aliyefiwa na mzazi, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Majina yasiyofanana yarekebishwe kisheria mapema. Mdhamini awe na kitambulisho, na awe mtu ambaye simu yake inapatikana. Mjue pia kwamba Bodi ya Mikopo imekuwa ikitanguliza kozi kama tiba, uhandisi na ualimu wa sayansi. Kozi yetu haipo mbele ya foleni, kwa hiyo familia ikae chini ipange mpango wa pili. Na mkopo ni deni: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara inakatwa.

Nne, ukishafika chuoni. Usiikimbie takwimu. Wengi tunakuja huku tukikimbia hesabu, halafu tunahitimu tukiwa na maneno matupu. Jifunze kusoma bajeti. Halmashauri zina haki ya ushuru wa huduma kutokana na mauzo ya migodi. Sheria inautaka mgodi uwe na mpango wa kuhudumia jamii uliokubaliwa na halmashauri. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Nani hapa amewahi kuona hesabu hizo kwenye karatasi? Umeona, mikono miwili! Sisi upinzani tunapiga kelele kuhusu dhahabu, na ni haki yetu. Lakini kelele isiyo na tarakimu, diwani anaicheka. Utafiti wako wa mwaka wa tatu ufanyie huku. Andika kuhusu shimo la Buzwagi, andika kuhusu mama na magunia yake.

Nimalizie. Shahada hii haina ahadi ya kazi, na atakayekuahidi anakudanganya. Baada ya kuhitimu nilikaa miaka miwili bila ajira, nikinunua na kuuza pumba. Ila kama unataka kuelewa kwa nini nyumbani kwenu pako hivi, na una subira, ni elimu nzuri.

Jumamosi ijayo saa nne tunakutana hapa hapa. Njoo na vyeti vyako vyote, tuviweke mezani tuangalie majina moja moja. Kadi ya chama haihitajiki. Njoo na mzazi ukiweza.