Hofu na Sindano: Wajibu Wetu kwa Waliotekwa na Unga



Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, nyinyi mliohudhuria hapa Msalato na nyinyi mnaotusikiliza majumbani. Hotuba yetu ya leo inahusu ndugu zetu wanaojidunga unga, yaani heroini, kwa sindano. Kwamba jambo hili ni haramu, hapana Mwislamu asiyejua, wala hatukupanda mimbari kulipunguzia uzito. Tunalotaka kulitazama ni hofu inayokaa moyoni mwa mtu huyo, na jinsi inavyomsukuma kwenye maradhi.

Unga ulianza kuzagaa pwani katika miaka ya 1980, lakini haukubaki huko. Sisi wa Msalato tunaishi kando ya barabara kuu iendayo Kondoa na Arusha, na mji wa Dodoma unazidi kutukaribia. Basi tusijidanganye kwamba msiba huu ni wa watu wa Dar es Salaam peke yao.

Nguvu ya unga hudumu saa chache tu. Ikiisha, mifupa humuuma mtu, macho na pua humtoka maji, tumbo humkata, na usingizi humpotea. Wenyewe huiita hali hiyo arosto. Aliyekwisha kuionja huiogopa kuliko ugonjwa wowote, kwa sababu ugonjwa huuona uko mbali, na arosto inamjia jioni ya leo. Kwa hofu hiyo hupokea bomba la sindano alilotumia mwenziwe, na damu ya mwenziwe imo ndani. Katika damu hiyo huweza kuwamo virusi vya Ukimwi, na vya homa ya ini ya aina B na C.

Mwaka 2005 watafiti waligundua huko Dar es Salaam jambo la kusikitisha zaidi. Baadhi ya wanawake, baada ya kujidunga, walikuwa wakivuta damu yao wenyewe kwa bomba na kumpa mwenzao asiye na fedha, wakiamini kuwa damu ile ingemwokoa na arosto. Zingatieni, ndugu zangu: walifanya hivyo kwa kuhurumiana. Huruma isiyo na elimu ikawa njia ya kupitishia mauti.

Pana hofu ya pili, nayo huletwa na ulimi wa watu. Kijana akijua kuwa atazomewa, atafukuzwa au atakamatwa, hujificha kwenye mapagala, hujidunga kwa haraka na kwa chochote kilichopo, na hospitali haendi. Anayemwita "teja" mlangoni pa msikiti hakumtoa kwenye unga. Amemwondoa msikitini tu.

Ndugu Waislamu, tiba ipo. Mwezi wa Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua kliniki ya kwanza ya methadoni katika Tanzania Bara, na baadaye huduma hiyo ikafika hapa kwetu Dodoma, katika kituo cha Itega kilicho chini ya Hospitali ya Mirembe. Methadoni ni dawa ya maji. Hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, na hutuliza arosto kwa siku nzima. Wako wanaouliza: je, huku si kubadilisha kileo kwa kileo? Tunajibu kwamba hii ni dawa apimiwayo mgonjwa na tabibu. Haihitaji sindano, haimlazimishi kuiba, na humpa utulivu wa kurudi kazini na kwenye sala yake. Arosto ikiondoka, hofu hupungua. Na hofu ikipungua, sindano ya kushirikiana huachwa.

Basi wajibu wetu ni huu. Mzazi asimfukuze mwanawe. Amshike mkono waende pamoja Itega. Jirani azuie ulimi wake. Nawe ndugu yetu unayejidunga, ikiwa unatusikia, usitumie kamwe sindano ya mwenzio, wala usimpe yako. Kapime damu yako. Virusi vya Ukimwi vina dawa za kuvidhibiti, homa ya ini ya aina C inapona kwa vidonge vya miezi michache, na ile ya aina B ina chanjo. Usiseme umekwisha kupotea. Mlango wa toba haufungwi kwa mgonjwa, na kujitibu ni sehemu ya kuilinda amana ya uhai uliyopewa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wazazi wao, na azijaze nyoyo zetu huruma iliyofuatana na elimu. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.