MBOGA ZA MAJANI: KUTOKA SAHANINI HADI MWILINI

Mazungumzo ya Ofisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi na wakaazi



Vidonge vinavyosifiwa kuwa vimebeba nguvu zote za mboga vinauzwa madukani, na wapo miongoni mwetu wanaovinunua kwa sehemu ya mshahara huku wakilipita fungu la mchicha sokoni. Kabla ya kufanya hivyo, ni vyema mtu ajue namna mwili unavyozipokea kemikali hizo za mimea.

Mwili unapotumia oksijeni kutengeneza nguvu, hutoa pia chembechembe kali ziwezazo kuharibu seli, mfano wa kutu inavyolila bati. Mwili una njia zake za kuzidhibiti, na mimea nayo ina kemikali za kujikinga na madhara hayo, ambazo wataalamu huziita antioksidanti. Leo nitazungumzia mbili: karotini, iliyomo katika mchicha, matembele, kisamvu, karoti na embe, na kwesetini, iliyomo katika kitunguu.

Karotini imefungwa ndani ya kuta za seli za mmea. Kukata, kupika na kutafuna huzivunja kuta hizo. Aidha, karotini haiyeyuki katika maji bali katika mafuta. Ikifika katika utumbo mwembamba, nyongo itokayo kwenye ini huyavunja mafuta kuwa matone madogo mno, nayo karotini huchukuliwa humo hadi ikapenya ukuta wa utumbo. Mlo usipokuwa na mafuta, sehemu kubwa hupita na kutoka nje. Mwaka 2004 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya kupima damu za watu waliokula saladi isiyo na mafuta, na karotini iliyoingia mwilini ilikuwa karibu na hakuna. Hivyo basi, wazee wetu waliopika mchicha kwa tui la nazi hawakukosea.

Ndani ya ukuta wa utumbo, sehemu ya karotini hugeuzwa kuwa vitamini A, inayohitajiwa na macho, ngozi na kinga ya mwili. Kwa hesabu iliyotolewa Marekani mwaka 2001, mikrogramu 12 za beta-karotini ya chakula hutoa mikrogramu 1 ya vitamini A. Akiba ikitosha, mwili hupunguza ugeuzaji huo. Anayekula karoti nyingi mno huweza kuona viganja vyake vimekuwa manjano, na hali hiyo huondoka akipunguza. Lakini weupe wa macho ukiwa manjano, hayo ni maradhi, na aende hospitali bila ya kuchelewa.

Kwesetini nayo hupokewa kama mgeni asiyekaa sana. Ukuta wa utumbo na ini huibadilisha ili iyeyuke katika maji, kisha figo huitoa kwa mkojo. Isiyofyonzwa huteremka katika utumbo mpana, ambako bakteria huivunjavunja. Kwa sababu hiyo, mboga za mara moja kwa wiki haziwezi kushika nafasi ya mboga za kila siku.

Sasa nirudi kwenye vidonge. Nchini Finland, wanaume 29,133 wavutaji wa sigara waliingizwa katika utafiti, na baadhi yao walipewa vidonge vya beta-karotini. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1994 yalionesha kuwa saratani ya mapafu iliongezeka kwa asilimia 18 kwa waliovimeza. Utafiti mwingine nchini Marekani, wa watu 18,314 wakiwemo wavutaji wa sigara na waliofanya kazi penye asbesto, ulisimamishwa Januari 1996 baada ya kuonekana ongezeko la asilimia 28 kwa waliopewa beta-karotini pamoja na vitamini A. Kilichotarajiwa kuwa kinga kiligeuka madhara.

Kwa mnasaba huo, nawanasihi yafuatayo:

(a) Mboga ziliwe kila siku, za rangi mbalimbali, pamoja na tui au mafuta kidogo.

(b) Mboga laini zisichemshwe muda mrefu, wala maji yake yasimwagwe, kwani vitamini C hupotelea humo. Kisamvu hakimo katika hukumu hii: lazima kitwangwe na kuchemshwa vya kutosha ili sumu yake itoke.

(c) Mvutaji wa sigara asimeze vidonge vya beta-karotini. Kinga yake ya kwanza ni kuiacha sigara.

(d) Matone ya vitamini A wanayopewa watoto wadogo vituoni ni jambo jingine. Hayo hutolewa kwa kipimo na wahudumu wa afya, na wazazi wasiyakatae kwa sababu ya maneno yangu haya.

Ndugu zangu, fungu la mchicha na nazi moja havihitaji tangazo. Tuvirejeshe mezani.